Mama alijua kusoma: kumficha mgonjwa jina la saratani, na tulivyoteseka wote kwa sababu hiyo

Wanajukwaa, salamu kutoka Mbeya.

Wiki iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinifuata wakati wa chai akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe mama ulimwambiaje?" Baba yake amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na ndugu wote wamekubaliana kwamba mzee asiambiwe. Nilimjibu kwa maneno machache, simu yake ikaita, tukaachana. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu jibu nililompa lilikuwa fupi mno kwa jambo zito kama hilo. Naomba niliandike hapa kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wanaouguza, kwani naamini familia nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zinafanya kosa lile lile tulilolifanya sisi, tena zinalifanya kwa upendo.

Mama yangu alikuwa mkulima wa chai na ndizi wilayani Rungwe. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekoma miaka mingi, kisha ikarudi kidogo kidogo alipofikisha miaka 61, naye akanyamaza karibu mwaka mzima. Niligundua alipokuja mjini kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa ninaloweka mashuka aliyolalia, na ndani ya foronya nikakuta vipande vya kanga kuukuu, vyote vimechanwa kwa upana mmoja na kukunjwa vizuri. Nilikaa kando ya beseni nikiwa nimevishika mkononi. Mtu hachani kanga kwa unadhifu namna ile kwa dharura ya siku moja. Ni mtu ambaye jambo hilo limeshakuwa sehemu ya maisha yake, na amelibeba peke yake.

Kilichofuata wengi wenu mnakijua: kliniki, kisha rufaa, kisha wakamkata kinyama ili kipelekwe maabara. Tuliambiwa turudi baada ya wiki tatu. Tuliporudi hapakuwa na majibu, na ilipofika wiki ya tano mhudumu mmoja alikiri kwamba kinyama chenyewe hakionekani, hivyo mama akatwe upya. Mama aliuliza swali moja tu, "Ile ya kwanza ilikosea wapi?" na hakuna aliyemjibu. Katika safari yetu nzima hakuna kipindi kilichotutafuna kama hicho cha kusubiri. Ugonjwa ukishapata jina kuna dawa ya kutafuta, kuna nauli ya kuchangisha, kuna mtu wa kumuuliza. Kabla ya hapo unabaki kuitazama simu na kumtazama mgonjwa usoni wakati hakuangalii.

Majibu yalipotoka, daktari alituita mimi na kaka yangu pembeni, akatueleza tukiwa tumesimama kwenye korido, ilhali mama ameachwa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Jioni ile baba mdogo aliitisha kikao cha familia na kutoa uamuzi: asiambiwe, kwa sababu mgonjwa wa kansa akiambiwa anakufa kabla ya siku zake. Tukakubaliana kuuita "uvimbe". Hata mimi, niliyesoma, niliona ni busara.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini imani hiyo ina nguvu sana kwetu. Nadhani ni kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, hivyo mtu husikia jina la ugonjwa leo na kuhudhuria mazishi baada ya miezi miwili, kisha akaamini kwamba jina ndilo lililoua. Wengine walishuhudia wagonjwa wakipakiwa kwenye magari kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011, wakaona jinsi tumaini lilivyowabeba watu na jinsi lilivyowaangusha. Baada ya hapo ni rahisi kuamini kwamba mgonjwa asiyejua ndiye mwenye tumaini.

Basi tukamdanganya mama kwa miezi minne.

Tulisafiri kwa basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Sitaeleza safari yote, ila anayeuguza mgonjwa wa aina hii ajue kwamba kilomita zaidi ya 800 ni mateso ya pekee kwa mtu anayetokwa damu na maji yenye harufu. Mama alikataa kula kuanzia jana yake ili asihitaji choo. Tulipokuwa tunashuka Kitonga alinishika mkono akaniomba nimwombe kondakta asimamishe gari, na kabla sijainuka akaniambia niache, kwa kuwa kuna watu nyuma yetu. Alikaa hivyo hivyo mpaka Ruaha Mbuyuni. Wauza vitunguu walipokuja dirishani aligeuza uso, akajifunika kanga hadi puani, na mimi nikajifanya ninahesabu chenji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tiba yake ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, na getini pale pameandikwa wazi kwamba hii ni taasisi ya saratani. Kila asubuhi, kwa wiki nzima ya kwanza na ya pili, nilikuwa ninahakikisha ninatembea upande wa maandishi ili nimkinge, na tukikaribia ninaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu bahari, kuhusu meli, kuhusu joto la Dar. Yeye ananiitikia, "Eeh, kweli, joto." Mionzi alipigwa Jumatatu hadi Ijumaa, mara 25 kwa jumla, na mara moja kwa wiki aliwekewa dripu ya kemo, yaani dawa kali za saratani. Kwa hiyo nililifanya igizo hilo asubuhi nyingi.

Wiki ya tatu, usiku, tukiwa kwa dada yetu Gongo la Mboto, umeme ulikuwa umekatika na tumelala chumba kimoja. Mama akasema gizani, "Mwanangu, mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Pale getini najua pameandikwa nini." Nilinyamaza. Akaendelea, "Nilijua tangu Mbeya. Mama mmoja kwenye benchi aliniuliza naumwa nini, nikamweleza, akasema hata yeye ni hiyo hiyo. Sikuwaambia, maana niliona mnavyohangaika kunificha. Nikasema nikifungua mdomo watavunjika moyo."

Kumbe alikuwa anatuuguza sisi.

Tulilia mpaka dada akaja na kurunzi kuuliza kuna nini. Kisha mama akaanza kuuliza maswali, na swali la kwanza ndilo ambalo hadi leo linaniuma. Aliuliza kama ugonjwa ule unaambukiza. Tangu alipojua, alikuwa amemwondoa mjukuu wake kitandani, hamruhusu anywe kwenye kikombe chake, hambebi, na mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameshaanza kusema kwamba bibi hampendi. Baada ya kuanza mionzi aliogopa zaidi, akidhani mwili wake unachoma. Sisi tulikuwa tumeona anamsukuma mtoto, tukasema ni maumivu yanamfanya awe mkali. Sentensi moja ingetosha: saratani haiambukizwi kwa kukaa, kula au kulala pamoja, na mionzi ya nje ikizimwa mashine haibaki mwilini mwa mtu. Hatukumwambia, kwa sababu kuisema sentensi hiyo kungelazimu kwanza tulitaje jina la ugonjwa.

Swali la pili lilikuwa, "Ni kwa dhambi gani?" Kesho yake tulimpelekea swali hilo daktari, dada kijana aliyevuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna daktari alikuwa amelifanya kabla yake. Alimweleza kwamba saratani hii karibu kila mara huanzia kwa kirusi kinachoitwa HPV, ambacho watu wengi walio kwenye ndoa au mahusiano hukipata wakati fulani wa maisha yao, mwili ukakiondoa wenyewe, na kwa wachache kikabaki kimya miaka mingi. Si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote, si wake wala wa marehemu baba. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akamwambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kama vile dada yule ni wa kwetu Tukuyu. Swali la tatu, la kufa, daktari alilijibu pia: kwamba wanatibu kwa nia ya kuuondoa ugonjwa, kwamba hatua aliyofikia inafanya iwe vigumu, na kwamba kama hali itabadilika atamwambia yeye mwenyewe kwanza. Mama alirudi Gongo la Mboto akala ugali wote.

Kuhusu sisi tunaouguza nitasema mambo mawili tu, maana uzi umekuwa mrefu. La kwanza ni hasira. Siku moja nilimfokea mama kwa sababu ya uji. Niliuchemsha mara tatu, na mara zote alionja akaurudisha akisema una ladha ya chuma. Sikujua kwamba kemo hubadilisha ladha mdomoni. Nilijua tu kwamba nimeamka saa kumi usiku. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo nikilia kwa aibu. Mtu anayeuguza akichoka hivyo si mtoto mbaya, ila akikosa mtu wa kumpokea hata siku mbili, uchovu huo atamshushia mgonjwa.

La pili ni kaka yangu. Alikuwa anatuma pesa bila kukosa lakini hampigii mama simu, nami nilimhukumu moyoni. Nilipomuuliza, mwanaume yule mzima alisema anaogopa kuisikia sauti ya mama imedhoofika. Tulikubaliana apige kila Jumamosi saa mbili usiku, waongee habari za ng'ombe tu. Wakaongea habari za ng'ombe miezi yote. Nadhani hakuna dawa mama aliyoingoja kama simu hiyo.

Karibuni mchangie, hasa mliougua wenyewe.

Mchangiaji kutoka Makambako

Dada, pole sana na asante. Nimeusoma uzi huu nikiwa nimeegesha pikipiki kando ya barabara, kwa kuwa nilishindwa kuendelea na safari.

Baba yangu ana miaka 68. Chakula kilianza kumkwama mwezi wa pili, ikawa ugali haupiti, kisha ndizi haipiti, sasa ni uji na maziwa. Tumeambiwa ni saratani ya umio, yaani njia ya kupitisha chakula, na tunatakiwa kwenda Dar. Mzee ameambiwa kuwa ana "vidonda vya koo". Kaka zangu wawili wanataka kwanza apelekwe kwa mganga mmoja, wanasema amerogwa kwa ajili ya shamba la miti. Mimi ni wa mwisho kuzaliwa, sauti yangu haifiki mbali kwenye kikao.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni mama. Baba tangu ujana hunywa chai ikiwa inachemka, akiletewa iliyopoa kidogo anairudisha. Sasa mama amesikia kwenye redio kwamba chai ya moto sana inaleta saratani hiyo. Hali, halali. Anasema, "Nimemuua mume wangu kwa mkono wangu, kikombe kwa kikombe." Nimekosa la kumwambia.

Mchangiaji kutoka Iringa

Nitachangia kama mgonjwa. Nilikatwa titi la kushoto miaka minne iliyopita, nikapata kemo na mionzi, na sasa nahudhuria kliniki ya uangalizi.

Dada mwanzisha uzi, nakubaliana nawe kwamba kuficha ni kosa, ila naomba nikuongezee upande ambao huenda hukuuona. Mimi niliambiwa siku ile ile, na kosa la familia yangu likawa kinyume cha lenu: waliniambia mimi na dunia nzima. Kabla sijamaliza wiki, nyumba ilijaa. Waliingia wakilia, wakiniangalia kifuani kabla ya kuniangalia usoni. Kikundi cha maombi kilikuja kukemea pepo wa kansa, na mmoja akaniuliza mbele ya watoto wangu kama kuna mtu ambaye sijamsamehe. Kila aliyekuja alikuwa na habari ya shangazi yake aliyekuwa na hiyo hiyo, na mashangazi wote hao walikuwa wamekufa. Kwa hiyo mgonjwa aambiwe, lakini aulizwe pia nani mwingine aambiwe. Ugonjwa ni wake.

Jambo lingine: tusidhani kwamba kusema ukweli ni kuuongelea ugonjwa kutwa. Kuna siku nilitaka kuongea juu ya bei ya maharage na si kingine. Rafiki yangu mmoja alikuja na mchele kwenye ungo, akakaa kibarazani, tukauchambua pamoja hadi ukaisha, hakuniuliza neno, akaondoka. Nilimkumbuka huyo kuliko wote waliolia.

Nywele zilipotoka sikuumia kama nilivyodhani. Watu wa huku tunanyoa tukifiwa, hivyo kichwa hakikuwa kigeni. Kovu ndilo lililonishinda. Miezi mitatu nilioga gizani. Mume wangu alinisubiri. Siku ya kubadilisha kitambaa cha kidonda, aliyekuwa anakuja kunisafisha hakuja, naye akanawa mikono, akakaa mbele yangu, akaniuliza, "Naruhusiwa?" Sitaki kuwadanganya wanawake wenzangu kwamba waume wote wako hivyo, kwa sababu wadi niliyolazwa ilikuwa na wawili waliotelekezwa wakiwa bado kwenye dripu. Ninachosema ni kwamba neno lile moja lilinirudishia mwili wangu.

Hofu haijaisha. Wiki moja kabla ya kila kliniki silali, nikikohoa nasema imefika kwenye mapafu. Nimeacha kuionea aibu. Namwambia mume wangu, "Wiki yangu imefika," naye anajua.

Mchangiaji, muuguzi wa huduma shufaa, Njombe

Huduma shufaa ni ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Nimefanya kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani kwa muda mrefu, na mara nyingi tukikaribia nyumba ndugu hutupokea barabarani na kutunong'oneza, "Sista, hajui." Tunaingia, ndugu wanatoka kwenda kuandaa chai, mgonjwa ananinong'oneza, "Sista, usiwaambie kwamba najua."

Mdogo wangu wa Makambako, nianze na mama yako. Ni kweli kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Lakini ugonjwa huu una njia nyingi, ikiwemo tumbaku na pombe, na hakuna daktari duniani anayeweza kukiangalia kikombe kimoja cha mtu mmoja akasema ni hiki. Mama yako alimpa mumewe alichokipenda, wakati ambapo hakuna aliyemwambia tofauti. Mwambie hivyo, tena umwambie mara nyingi, maana majuto ya namna hii hayasikii mara ya kwanza. Kama zitapita wiki mbili bado hali, halali, anasema afadhali afe yeye, usiichukulie kuwa ni huzuni ya kawaida. Mlete kituoni. Sonona inatibika, hata kwa anayeuguza.

Kuhusu kumwambia baba, usianze wewe kuongea, anza kwa kuuliza. "Baba, wewe unauonaje ugonjwa wako?" Kisha unyamaze, hata kama ukimya utakuwa mrefu. Halafu, "Ungependa daktari akueleze wewe, au atueleze sisi?" Wapo wazee watakaosema, "Waelezeni watoto, mimi nipeni dawa." Huyo naye amejibu, na tunamheshimu. Akitaka kujua, mwambie kidogo kidogo, kwa maneno ya Kiswahili au Kibena ambayo anayajua, na usiondoke mara baada ya kusema. Wengi husema kisha wanakimbilia nje kupiga simu.

Kwa kaka zako, usishindane nao juu ya uchawi, kwa kuwa hutashinda na muda utakwisha. Waambie hospitali ina tarehe na haingoji, mengine yatafuata. Omba tu asinyweshwe dawa yoyote ya mitishamba bila daktari kujua, kwani zipo zinazogombana na tiba, na mtu ambaye umio umebana anaweza kupaliwa.

Niseme na juu ya harufu, maana dada mwanzisha uzi ameigusa na wengi huona aibu kuitaja. Mgonjwa anayenuka hujitenga kabla hajatengwa. Mwambieni muuguzi wazi. Ipo dawa ya metronidazo, ile ile mnayoijua kwa magonjwa ya tumbo, ambayo daktari akielekeza hutumika hata kwenye kidonda chenyewe na kupunguza harufu sana. Nimewaona wagonjwa wakirudi kukaa sebuleni kwa sababu ya vidonge hivyo.

Na maumivu. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospitali ya St Christopher's jijini London kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Mimi nimeliona kinyumenyume pia: mgonjwa anayelia usiku kucha kwa mwili hawezi kusamehe, kusali wala kuaga mtu. Mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa nne kwa kipimo cha daktari, haimuui mgonjwa na si ishara kwamba tumekata tamaa. Huleta usingizi siku za mwanzo na hufunga choo, hivyo ulizeni dawa ya kulainisha. Msimnyime kwa kuogopa atazoea.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru wote. Dada wa Iringa, umenifundisha. Ni kweli kwamba baada ya usiku ule wa Gongo la Mboto mimi nilitaka tuuongelee ugonjwa kila siku, na mama ndiye aliyenizuia: "Leo tuache, niambie nani kaolewa."

Wengi mmeniuliza kwenye ujumbe binafsi aliishiaje. Alimaliza mionzi ya nje na ya ndani, damu ikakauka, akarudi Rungwe, akachuma chai msimu mmoja mzima. Mjukuu alirudi kulala naye. Alhamisi moja alisimama kwenye kikundi cha akina mama kanisani, akalitaja jina la ugonjwa wake lote, bila kulipunguza, akaeleza kuhusu vipande vya kanga, akawaambia wakapimwe kwa siki kwenye kituo cha afya, kwa kuwa kipimo chenyewe ni dakika chache, na kwamba mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo ambayo yeye hakuwahi kuisikia enzi zake. Watatu walikwenda wiki hiyo hiyo. Hayo asingeweza kuyafanya kama angebaki mgonjwa wa "uvimbe".

Ugonjwa ulirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Daktari alitimiza ahadi, alimwambia yeye kwanza. Mama alifariki nyumbani, kwenye kitanda chake, akiwa na mofini na akiwa na akili zake. Alikuwa ameshatuambia deni lake la kikoba ni kiasi gani na alipwe nani, mipaka ya shamba la chai inapita wapi, na nyimbo za kuimba. Kanga zake alizigawa mwenyewe. Baba mdogo, yule wa uamuzi wa kwanza, ndiye aliyekaa naye zaidi siku za mwisho, na siku moja nilimsikia akimwomba radhi.

Huzuni ipo. Nisije nikawafanya mkadhani ukweli unaiondoa. Ila sina neno lolote nililotaka kumwambia ambalo nilibaki nalo.

Mchangiaji kutoka Makambako

Narudi kutoa mrejesho. Jana jioni nilimkuta baba amekaa nje anaota moto, nikakaa, nikamuuliza kama muuguzi alivyoelekeza. Alinyamaza mpaka nikataka kuinuka. Kisha akasema, "Babu yako alikufa na hii. Nilikuwa nasubiri nione nani kati yenu atakuja kukaa hapa." Akataka kujua yote, nikamwambia ninayoyajua. Alipomaliza kusikiliza alimwita mama, akamwambia mbele yangu alete chai, na ilipoletwa ikiwa imepoa aliinywa polepole akasema ni nzuri. Mama alitoka akaenda jikoni, nikamsikia analia, lakini baadaye alikula.

Kaka zangu ameongea nao mwenyewe. Tunaondoka Jumapili usiku. Dada, tubebe nini?

Mwanzisha uzi

Shikamoo yangu mfikishie mzee.

Bebeni blanketi kwa sababu ya baridi ya Mafinga, na nguo nyepesi kwa sababu ya Dar. Uji muuchuje vizuri, uwe kwenye chupa mbili za chai, na maziwa yawe pembeni. Chukueni viti vya mbele, karibu na mlango, na mzungumze na kondakta kabla gari halijaondoka, wewe mwenyewe, si mzee. Karatasi zote za hospitali ziwe ndani ya mfuko wa nailoni, nakala zake ziwe kwenye begi lingine. Nauli ya kurudi ifungeni kabisa. Mkifika, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, msingoje pesa ziishe.

Na wewe uwe na mtu wa kukupokea zamu. Hata kaka mmoja, hata kwa wiki moja. Ukifika Dar niandikie.